Daftari la Mwano

Minza, ng'wanone, mwanangu,

Kesho sitakupeleka stendi. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, barua huwa unasoma mistari miwili ya juu halafu unaruka mpaka chini kuona kama kuna jambo. Jambo ndilo hilo. Mama yako atakwenda na wewe mpaka Bariadi, bodaboda mbili nimeshaziagiza, na sanduku lako nimelifunga kamba mwenyewe. Basi lako linaondoka saa moja asubuhi. Saa moja hiyo hiyo kuna mkutano wa kijiji pale uwanja wa shule, na mimi natakiwa nisimame mbele ya watu niseme kitu ambacho nilipaswa kukisema ulipokuwa darasa la pili.

Sasa hivi ni saa nane mchana. Umekwenda mjini kutoa kopi za vyeti na kusuka nywele, na kwa ninavyoijua misuko yako, hutarudi kabla jua halijazama. Nimekaa kwenye kichumba cha mbegu za pamba, mlango nimeurudishia. Hii ni karatasi ya tatu. Ya kwanza ilikuwa inakufundisha namna ya kuishi na watu, nikaisoma nikaona aliyeandika simjui, nikaichana. Ya pili niliimwagia chai. Mambo ya kula, kuvaa, kusali na kujihadhari na wanaume amekwisha kukwambia mama yako, tena mara tatu, nimemsikia. Mimi nataka nikueleze kwa nini Jumatatu niliruka neno.

Unakumbuka. Ulinipa daftari lako la Kiingereza nilishike, niwe nasoma Kiswahili na wewe unajibu. Ulisema anayekwenda kusomea sheria lazima awe na maneno hayo kichwani kabla hajafika darasani. Juu ya ukurasa ulikuwa umeandika, na ukapigia mstari: maneno ya kumnyang'anya mtu haki na uhuru wake. Nikasoma, kumweka mtu kizuizini. Ukajibu, detain. Kumnyima mtu kilicho chake. Deprive. Kumfukuza mtu kwao. Banish. Kumziba mtu mdomo. Silence. Lile la kumnyima mtu kura, disenfranchise, mama yako alilisikia akiwa jikoni akauliza, "Hiyo si dawa ya kupe?" Ulicheka mpaka ukalala kwenye mkeka. Halafu ukanigeukia mimi, "Baba, soma taratibu, unasoma kama unafukuza ng'ombe shambani."

Nilikuwa na furaha, mwanangu. Mtu wa darasa la saba nimeshika daftari la mwanasheria. Nikateremka mstari mmoja nikakuta ostracize, na mbele yake umeandika, kumtenga mtu. Chini yake sentensi ya mfano, kwa kalamu ya bluu: The village ostracized Kwangu's family. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, lakini hiyo niliielewa yote bila kusaidiwa. Kijiji kiliitenga familia ya kina Kwangu.

Nikairuka, nikasoma neno linalofuata.

"Baba, umeruka moja," ukasema.

"Macho haya," nikakujibu. "Giza limeshaingia."

Ilikuwa saa tisa mchana. Uliniangalia, ukachukua daftari lako taratibu, ukasema tutaendelea kesho. Hatukuendelea. Tangu siku ile natembea tu humu ndani, nikikaa nasimama, nikisimama sijui nilikuwa nakwenda wapi. Kinachonisumbua ni kwamba uliandika kijiji. Hukuandika baba yangu. Sijui kama ulinihurumia au kama hujui, na nimezunguka zizi usiku na mchana nikijiuliza lipi kati ya hayo mawili lina nafuu kwangu.

Kwangu unamkumbuka, mlikuwa mnakaa dawati moja. Baba yake, Masanja, alikuwa nkoi wangu, rafiki wa kufa na kuzikana. Tulichunga pamoja, tukaoa mwaka mmoja, na jembe la ng'ombe tulikuwa nalo moja, leo kwake kesho kwangu. Wewe ulijua tu kwamba siku moja tuliacha kwendeana. Watoto mliambiwa Masanja alikataa kwenda kwenye mwano wa kufukuza wezi, basi, ikaishia hapo.

Utafika chuoni ukute watu wanaizungumza sungusungu, ulinzi wetu wa kijiji, kana kwamba ni ushenzi wa watu wa porini. Usikubali haraka. Kabla yake tulikuwa tunalala na ng'ombe ndani, mlango kwa mlango, na bado wezi walikuwa wanakuja na mishale wanaswaga zizi zima. Mwano ndio uliotuokoa. Kelele ikipigwa, kila mwanamume anatoka alipo na anakimbilia inakotokea, awe anakula, awe anaoga, hakuna udhuru. Asiyetoka analipa dume la ng'ombe, linachinjwa, linaliwa na wote, yanakwisha. Asiyetaka kulipa anatengwa. Mimi nilikuwa katibu, kwa sababu ya mwandiko wangu, na kazi yangu ilikuwa kushika daftari la mwano: nani alikwenda, nani hakwenda. Nililipenda daftari lile. Nililivisha jalada la gazeti, nikalipigia mistari kwa rula ya dada yako.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, pamba imeshapasuka. Nilikuwa kwa Masanja. Mke wake alikuwa na homa ya siku nne, hajiwezi, Kwangu amekaa pembeni yake na kitambaa cha maji. Mwano ukapigwa upande wa mbugani. Nikasimama. Masanja naye akasimama, akamwangalia mke wake, akakaa tena. "Nenda wewe," akasema. "Mimi huyu siwezi kumwacha na mtoto."

Nikachukua upinde nikaenda. Nilikwenda mpaka kwenye shamba lake la pamba, lile linalopakana na njia. Hapo nikamkumbuka yule jirani aliyerudi na mshale pajani mwaka uliotangulia, mimi ndiye niliyemshika mguu wakati wanauchomoa. Miguu yangu ikakataa. Siwezi kukueleza vizuri kuliko hivyo. Nikaingia kwenye pamba nikakaa chini. Watu walipita mbio njiani, hatua kama kumi kutoka nilipo, nikawatambua kwa sauti, mmoja mmoja, na sikuinuka. Nilikaa mpaka jioni, nikawasikia wanarudi wanaimba na ng'ombe wamepatikana, nikatoka nikajichanganya nyuma yao kwenye vumbi. Katika furaha ile hakuna aliyeangalia nani katokea wapi.

Tulipofika uwanja wa shule nikafungua daftari. Jina langu nililiandika la kwanza, kama kawaida yangu. Nikaita wengine wote. Nilipofika kwa Masanja, pakawa kimya, nikaweka msalaba.

Kesho yake alikuja hapa nyumbani. Mama yake alikuwa anaanika michembe ya viazi juu ya lile jiwe kubwa la kwao, na Masanja mwenyewe siku ile alikuwa amepanda pale kuangalia watu wamefikia wapi. Kutoka juu ya jiwe unaona shamba lote la pamba. "Nilikuona," akaniambia.

"Utasema?"

"Mimi sisemi. Utasema mwenyewe."

Alinipa siku sita mpaka mkutano. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kusema, na kila jioni nilikuwa nimepata sababu. Katibu akionekana mwoga, nani ataliamini daftari? Nani ataiheshimu sungusungu? Nilijiambia nalinda kijiji. Mwanangu, utakutana na watu wengi wanaosema hivyo, wana ofisi na mihuri, na mimi naomba uwaangalie magotini, uone kama hayatetemeki.

Kwenye mkutano mtemi wa sungusungu alimuuliza Masanja kwa nini hakutoka. Akasema mke wake alikuwa na homa. Watu wakaguna, kila mtu ana mgonjwa. Akaambiwa alete dume. Masanja hakuwa mtu wa kubishana na sheria, dume alikuwa nalo, na nadhani angelitoa. Lakini alinigeukia kwanza, akangoja. Nikainamisha kichwa kwenye karatasi. Ndipo aliposema, "Nitalipa siku wote ambao hawakwenda watakapolipa."

"Nani mwingine hakwenda?" mtemi akauliza.

"Muulizeni katibu. Yeye ndiye mwenye daftari."

Watu wote wakaniangalia. Nilifungua ukurasa, nikapitisha kidole juu ya majina, pole pole, nikifika kwenye langu nikapita. Nikasema, "Katika daftari ni yeye peke yake."

Nimeacha kidogo nikaenda kuwapa kuku maji, walikuwa nayo tayari. Nimerudi. Nimesoma nilipoishia, nikataka kuichana na hii pia. Mama yako amepita dirishani akaniuliza naandika kitabu?

Sikiliza sasa sehemu ambayo hakuna anayeijua. Mtemi alisema neno moja tu, atengwe. Yaliyobaki niliyatunga mimi, usiku huo huo, kwa mwandiko wangu mzuri. Masanja na kaya yake hawana salamu. Wasipewe moto wala maji. Wasisagiwe mashineni. Wasiuziwe dukani hata chumvi. Atakayewasalimia na yeye hana salamu. Wakipata msiba wazike wenyewe. Mtemi aliposomewa alisita kwenye hilo la msiba, akaniuliza kama si kali mno, na mimi nikamjibu kwamba adhabu ikiwa nusu watu wataizoea. Unajua kwa nini nilisema vile? Mtu asiyesalimiwa hana wa kumsimulia alichokiona akiwa juu ya jiwe. Ndiyo sababu yote. Nilimwondolea kijiji kizima masikioni ili mimi nilale.

Na sikulala. Hilo lilinishangaza.

Wewe ulikuwa na miaka minane. Wiki ya pili mwalimu aliniambia umeonekana kisimani unamsaidia Kwangu kujitwisha ndoo. Nilikuita hapa uani, nikakuuliza, ukasema ndiyo, nilimwambia mwangaluka, na yeye akaitikia. Nikakuchapa fimbo sita. Hukulia. Mpaka leo naiona ile sura yako, umeniangalia tu kama unajaribu kunifahamu. Nilikuchapa kwa sababu ulikuwa umefanya kitu kidogo ambacho mimi mtu mzima nilikuwa nakiogopa, na ulikifanya bila kujua kwamba ni kigumu. Nisamehe kwa fimbo zile. Nisamehe hata kama hizo nyingine hutaweza.

Miezi michache baadaye mama yake Masanja akafariki, yule bibi aliyekuwa anawajazia michembe mifukoni mkitoka shule. Kaburi walichimba watu wanne: Masanja, mke wake, na shemeji zake wawili waliotoka Lalago. Msiba wa mtu mzima hapa kwetu unaujua, njia hazipitiki kwa watu. Siku ile nilipita na baiskeli barabarani. Niliona mwanamke ameshika sepetu. Nikakanyaga pedali nikaenda zangu, nikafika gulioni nikanunua betri za redio, na wala redio haikuwa imeisha betri.

Baada ya hapo mke wake alimchukua Kwangu wakahamia kwao Lalago. Uliniuliza amekwenda wapi, nikakwambia wamehama. Masanja alibaki peke yake na ng'ombe wake. Muda ulipita, wakubwa wa wilaya wakaja kukataza kutenga watu, mtemi akabadilika, daftari nikamkabidhi mwingine, watu wakaanza kumsalimia mmoja mmoja kama vile hawakuwahi kuacha. Hakuna aliyesimama kusema tulikosea. Na mimi siku moja nilimsalimia gulioni, hivi hivi, kama mtu aliyemwona juzi. Akaitikia, "Mwangaluka, katibu." Mpaka leo ananiita katibu. Jina langu hajalitaja tena.

Nimelisoma lile daftari lako, Minza. Nimelichukua mezani wakati unaoga, nisamehe na kwa hilo. Mifano yako mingine yote ni ya watawala, ya wazungu, ya wanajeshi wenye bunduki. Nilitafuta mfano wa mtu mwenye kalamu ya wino na rula, anayependwa na mke wake, anayeshika sadaka kanisani. Hayumo. Ndiyo maana naandika, ili umwongeze. Mimi sikuwa na chuki na Masanja hata dakika moja. Nilimnyang'anya salamu, jirani, mke, mtoto na mazishi ya mama yake, na wakati wote nilikuwa nampenda. Unakwenda kuwa mtu wa kuandika maneno yanayowafunga watu na kuwafungua. Sina la kukufundisha kuhusu sheria. Najua tu mkono unavyokuwa mwepesi pale mwandishi mwenyewe anapokuwa na kitu cha kuficha.

Leo asubuhi ulipopanda bodaboda, nilikwenda kwa Masanja. Nilimkuta anashona kamba ya jembe. Nikamwamkia, akaitikia, hakunipa kigoda. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa yote, nikayataja. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kushona.

"Umekuja kwa sababu mtoto anaondoka," akasema.

"Ndiyo."

"Angebaki, usingekuja."

"Sijui. Labda nisingekuja."

"Angalau hilo ni kweli." Akakata uzi kwa meno. "Mimi sikuandikiwa hapa nyumbani, katibu. Niliandikiwa mbele ya watu. Kesho kuna mkutano."

Nikamwambia kesho nampeleka mtoto stendi, anakwenda Dodoma, ni mara yake ya kwanza kuondoka, nitasema mkutano ujao.

"Najua anaondoka," akasema. "Mama yangu naye aliondoka siku ambayo ulikuwa na shughuli."

Mkutano ujao ni baada ya mavuno, na mimi najijua, nikipewa siku sita napata sababu sita, nikipewa miezi sitaishiwa. Nikamwambia, kesho nitakuwepo. Aliendelea na kamba yake, na mimi nikarudi.

Niliporudi nikamweleza mama yako. Nilianza mbali, nikazunguka, nikamweleza habari ya pamba, nikiogopa kwamba nimeishi naye miaka yote hii hajui ameolewa na mtu gani. Alikuwa anapepeta mchele wa safari yako. Aliacha ungo, akasema, "Baba Minza, suruali ile niliifua mimi."

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Ilikuwa na pamba mpaka mfukoni," akasema. "Na ilikuwa imelowa. Anayekimbiza ng'ombe mbugani harudi hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme. Kisha nikaona husemi, na mimi nikawa siendi kisimani saa ya mama Kwangu, ili nisimwangalie usoni." Akachukua ungo wake tena. Baadaye nilimwona anapiga pasi lile shati langu jeupe, na hakuniuliza ni la stendi au la mkutano.

Jua limeanza kushuka, nimesikia pikipiki njia ya Sapiwi, nadhani ni wewe, kwa hiyo naandika haraka. Barua hii nitaitia katikati ya vyeti vyako, utaiona ukiwa ndani ya basi, mbali ya kutosha usiweze kuteremka. Leo jioni nitakula na wewe, nitakutania nywele zako, usinione mnafiki. Nataka jioni moja tu na wewe kabla hujajua, nadhani hilo nalo ni kuiba kidogo.

Sijui kesho watasemaje. Kulipa dume ni rahisi, nitalitoa lile jekundu. Lakini wapo walioshindwa kuzika kwa sababu ya mwandiko wangu, watakumbuka kesho kwamba walimpita bibi wa watu, na watanitazama mimi. Wakubwa walishakataza kutengana, ila watu wakiamua kutokukusalimia hakuna askari wa kuwalazimisha. Sitawalaumu. Kilichonishinda kuvumilia ni kukaa ndani ya salamu ambazo si zangu.

Usipige simu asubuhi, nitakuwa nimeizima. Ukifika Dodoma jioni, mpigie kwanza mama yako, umuulize kama baba yako bado ana salamu. Akikwambia sina, hapo ukae, ufikiri, uamue mwenyewe kama utanipigia.

Baba yako